Aliyechomoa Fyuzi

4 Machi

Naanza kuandika kwa sababu Makena, mke wangu, amechoka kunisikiliza. Anasema nikitoka kazini huongea kama redio ya jirani, haizimwi na haijali nani anasikia. Basi daftari hili limepata kazi.

Mimi ni Bedan Mugo, umri miaka hamsini na minne, kapteni wa ndege ndogo ya kukodisha. Nyumbani ni Kitengela, na uwanja wetu ni ule wa changarawe nyuma ya Isinya, nusu saa kwa gari barabara ya Namanga ikiwa na huruma. Rubani wangu msaidizi ni Sadiyo, binti wa Dirie mwenye duka na biashara ya mbuzi Kajiado mjini. Ana miaka ishirini na tisa na mwaka huu anaomba ukapteni. Amefunga Ramadhani, na bado anapanda ngazi ya ndege kwa kasi kuliko mimi niliyekunywa chai na chapati tatu. Tabia yake moja tu ndiyo hunichosha: anaandika kila kitu.

9 Machi

Kanisani. Mvua ya kwanza imenyesha, na udongo mweusi wa Kitengela umeanza kuvua watu viatu.

11 Machi

Tulipeleka wahudumu wa afya Lodwar. Tukirudi, ndege ikiwa imetulia juu, otopailoti ilifanya kitu ambacho sijawahi kukiona. Hii ndiyo mashine inayoendesha ndege yenyewe tukishafika juu. Ninaiita Karani, kwa kuwa hukaa kimya na kufanya kazi ambayo mkubwa hataki kuifanya. Leo Karani alisinzia. Pua ya ndege iliinama kidogo, ikakaa hivyo sekunde tatu, ikainuka.

"Captain, umeona hiyo?" Sadiyo aliuliza.

"Ni upepo."

"Si upepo. Trim ilisonga. Tuandike kwa logi?"

"Nitaandika tukishuka."

Logi ni kitabu kinachokaa ndani ya ndege. Hitilafu ikishaingia humo, fundi lazima aishughulikie kabla ndege haijaruka tena. Tulishuka, nikatia sahihi, sikuandika kitu.

14 Machi

Mvua. Gari la saruji limezama barabarani kwetu na limekuwa jirani mpya.

18 Machi

Karani amerudia, safari hii juu ya Naivasha, na aliinama muda mrefu zaidi. Sadiyo hakuniuliza kama nimeona. Alisema tu, "Mara ya pili, Captain."

"Najua. Nitaandika."

Sikuandika, na humu nitasema sababu, kwa kuwa hakuna mahali pengine ninapoweza kuisema. Nikiandika, fundi atazima otopailoti na kubandika kikaratasi cha njano, na kipuri kitachukua mwezi mzima kufika. Mwezi huo ndio mwezi wa mvua. Itabidi niendeshe kwa mikono ndani ya mawingu, na mimi naogopa mawingu.

Ilianza miaka miwili iliyopita. Nilikuwa peke yangu juu ya Kinangop, nje weupe mtupu, na mwili wangu ukaniambia kwamba ndege inapinduka kushoto. Vipimo vya ndege vilionyesha mabawa yako sawa. Nusura niufuate mwili. Nilitoka kwenye wingu shati limeganda mgongoni, na tangu siku hiyo nikiona wingu namwachia Karani. Sijamwambia Makena. Kapteni anayeogopa mawingu ni sawa na mchinjaji anayezimia akiona damu, na watu wangecheka hivyo hivyo.

20 Machi

Hakuna safari. Nimelala mchana, jambo ambalo Makena ameliita dalili ya uzee.

26 Machi

Ni saa kumi na moja jioni. Nitaandika yote.

Tulikuwa tunatoka Wajir na wafanyabiashara wa mifugo kumi na mmoja wa Kajiado. Walikuwa wameenda benchmarking, yaani kutazama soko la ngamia la watu wengine na kurudi na maoni. Mwenyekiti wao ni Saruni, mzee wa Kimaasai mwenye sauti kubwa na mashamba makubwa, na alikuwa amekaa nyuma ya kiti changu. Ndege yetu haina mlango kati ya marubani na abiria. Wanaona kila tunachofanya, au wanadhani wanaona.

Juu ya Mwingi, futi elfu kumi na mbili, tuliingia kwenye wingu zito. Karani alikuwa kazini. Pua ikainama. Nikangoja iinuke kama siku zile, haikuinuka. Katikati ya viti vyetu kuna gurudumu jeusi la kusawazisha pua, hilo ndilo Sadiyo huita trim. Lilikuwa linazunguka lenyewe kwenda mbele, na kila lilivyozunguka tulizidi kuzama.

"Captain, trim inakimbia," Sadiyo alisema. "Disconnect."

Nikabonyeza kitufe chekundu kwenye usukani. Otopailoti ikaachia, gurudumu likasimama. Hapo kazi iliyobaki ilikuwa ndogo: kushika usukani, kurudisha gurudumu kwa mkono, na kuendelea na safari. Mwanafunzi angeiweza. Lakini usukani ulikuwa mzito kweli kweli, nje hakuna mbingu wala ardhi, na mwili ukaanza tena uongo wake kwamba tunapinduka kushoto. Nikaangalia vipimo, sikuviamini. Nikanyoosha kidole, nikaiwasha otopailoti tena. Nilijua ni mbovu. Niliiogopa kidogo kuliko nilivyoliogopa wingu.

Gurudumu likaanza upya, kwa kasi kuliko mwanzo. Mizigo iliruka, wazee wakaanza kuomba kwa Kimaasai. Nikavuta usukani kwa mikono miwili, miguu nimeikaza, meno yameumana. Kitufe chekundu kilikuwa chini ya kidole gumba changu na sikukibonyeza. Nilikuwa navuta tu.

"Umeiwasha? Captain, zima."

Niliendelea kuvuta. Fyuzi ya otopailoti iko kwenye ukuta wa kushoto, karibu na goti langu, mbali na kiti chake. Sadiyo alifungua mkanda wa bega, akajilaza juu ya mapaja yangu, akanyoosha mkono, akaichomoa. Gurudumu likasimama. Akarudi kitini, akalirudisha nyuma kwa kiganja, mzunguko mmoja baada ya mwingine, hadi usukani ukawa mwepesi. Tulikuwa tumepoteza futi elfu mbili na mia nne.

"Nimeichukua," alisema. "Achilia, Captain."

Nikaachilia.

Aliiendesha ndani ya wingu lile dakika hamsini, kwa vidole, bila kunitazama. Mimi nilikaa mikono juu ya mapaja. Abiria hawakuona kitu wakati huo kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuona, ndege ilikwenda kama inavyotakiwa. Karibu na Athi River tulitokea chini ya mawingu, mvua nyepesi, barabara inaonekana. Nikasema, "Niachie niishushe." Akanitazama kidogo, kisha akaniachia. Nikatua vizuri. Mbele ya watu mimi hutua vizuri.

Wazee waliposhuka, Saruni alinishika mkono, akatemea mate ya baraka kwenye kiganja changu.

"Nimekuona na macho yangu," alisema. "Ulivuta hiyo kitu na nguvu zako zote mpaka ikakubali. Wewe ni mwanaume. Na huyu msichana, maskini, aliogopa mpaka akakuangukia kwa miguu."

Wazee wakacheka kile kicheko cha watu walioponea. Sadiyo alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, anaweka vizuizi vya magurudumu, mdomo mkavu kwa saumu. Alisikia kila neno.

Nikasema, "Tumshukuru Mungu."

27 Machi

Nimejaza logi: "Otopailoti ilishindwa kufanya kazi. Mara ya kwanza." Kwenye taarifa nimeandika kwamba nilidhibiti ndege na rubani msaidizi alisaidia. Kalamu haikusita hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

28 Machi

Akoth ameniita. Ni afisa wetu wa usalama, mwanamke asiyependa maneno mengi, aliyewahi kuwa fundi wa ndege kabla ya kupewa ofisi. Mezani kulikuwa na taarifa mbili.

"Sadiyo anasema hii kitu ilifanyika tarehe kumi na moja na kumi na nane, na alikuambia uandike. Pia anasema uliiwasha tena. Wewe unasema mara ya kwanza. Logi iko clean. Kati yenu mmoja amekosea."

Nilizitazama zile taarifa mbili.

"Labda alichanganyikiwa," Akoth aliendelea. "Siku hiyo alikuwa amefunga?"

"Ndio," nikasema.

Hakuna neno jingine nililoongeza. Alikuwa amefunga, ni kweli, kwa hiyo sikusema uongo. Nimejirudia hivyo njia nzima kutoka Isinya, na kila nikirudia najiona mdogo zaidi. Neno moja la kweli, na nimelitumia kumzika mtoto wa watu.

31 Machi

Idd. Nilimtumia Sadiyo salamu za sikukuu. Amejibu, "Asante Captain." Amekuwa akinijibu hivyo tangu tuanze kazi pamoja, na leo maneno mawili hayo yameniwasha uso.

2 Aprili

Sadiyo amesimamishwa. Barua inasema "uchovu na taarifa isiyolingana na kumbukumbu." Kamati ya kampuni itakaa mwezi wa tano. Ikiamua alidanganya, ukapteni ameukosa, na hakuna kampuni nyingine itakayompa kiti rubani mwenye alama ya uongo kwenye faili lake. Naandika haya ili nisijidanganye kwamba sikujua.

5 Aprili

Saruni alikuja Kitengela na pikap. Nyuma alikuwa amefunga ndama jike mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Watoto wa plotini wote walitoka kutazama.

"Huyu ni wako," alisema. "Najua hauna pahali pa kumweka. Atakaa kwangu na ng'ombe zangu, lakini ni wako. Nimemleta umwone kwanza."

Nikasema hapana, mzee, ni kazi yangu tu. Makena alinikanyaga mguu.

"Sikiza," Saruni akaendelea. "Kwetu mtu akikupa ndama wa kike, jina lako na lake zinakwisha hapo. Mimi nitakuita Paashe. Na wewe utaniita Paashe. Hata tukizeeka, hata tukikosana. Hakuna kurudisha."

Alinyoosha mkono na kungoja. Niliushika mkono wake. Hatimaye nikasema, "Paashe."

"Paashe," akajibu, akafurahi kama mtoto.

Kwenye chai alisimulia safari nzima kwa Makena. Alipofika kwa Sadiyo alisimama, akaiga msichana akianguka kwa woga, kichwa kwenye mapaja ya kapteni, macho yamefumba. Anaiga vizuri, mzee yule. Makena alicheka hadi akafuta machozi. Mimi nilicheka pia. Nimeandika hili kwa sababu nilitaka kuliruka.

6 Aprili

Mvua. Sikwenda kanisani.

10 Aprili

Wingu limefunika hadi milima ya Ngong. Nimewaambia kazini tumbo linaniuma.

16 Aprili

Tumbo tena.

23 Aprili

Tumbo. Makena amenunua dawa, nami nimeinywa ili nisiseme ukweli. Ni chungu.

27 Aprili

Makena na kina mama wa kanisa walikuwa wameandaa shukrani bila kuniambia. Nilitegemea ibada ya kawaida, nikakuta kiti changu kimewekwa mbele na kitambaa cheupe juu yake. Mhubiri alisema Mungu hutumia mikono ya watu. Akaniomba niinue mikono yangu, kanisa lote liione.

Nikaiinua. Mikono hii iliyowasha mashine mbovu, ikashindwa kubonyeza kitufe, kisha ikalala mapajani dakika hamsini huku mtu mwingine akifanya kazi. Waliimba, wakanizunguka na keki. Mama mmoja aliniambia amempa mjukuu wake jina la Bedan. Nilikula keki. Ilikuwa na krimu ya waridi na ilikuwa tamu, na nimeona aibu hata kwa kuonja utamu wake.

Tukirudi, Makena alisema, "Hukusema hata neno moja pale mbele. Watu wamesema ni unyenyekevu."

30 Aprili

Saruni alipiga simu kuniambia ndama anakula vizuri. Kabla ya kukata akasema, "Paashe, lakini Dirie hatumwoni tena sokoni. Watu walikuwa wanamcheka na ile hadithi ya msichana wake, kwamba alikulalia kwa ndege. Nafikiri alikasirika. Si ilikuwa mchezo tu?"

Alikulalia. Mwezi wa tatu alikuwa ameniangukia kwa woga, sasa ameshafika kunilalia. Huyo ni binti wa Dirie, mtu aliyekaa Kajiado miaka thelathini bila jina lake kutajwa vibaya. Hadithi nilikuwa nayo mkononi ikiwa ndogo, nikaiacha ikue.

3 Mei

Tumetoka Kajiado. Nilimwomba Saruni anipeleke kwa Dirie, kwa kuwa wanajuana kwa biashara, nami nilitaka mzee wa kunisindikiza. Hivyo ndivyo tunavyofanya huku. Ukimkosea mtu unatafuta mzee, mnaenda kwake, mnakunywa chai, mnasema, mambo yanaisha. Nilikuwa nimebeba sukari kilo tano na nimejipanga maneno.

Njiani, karibu na Isinya, nilimweleza Saruni ukweli. Alisimamisha pikap kando ya barabara.

"Sema tena," alisema.

Nikasema tena, polepole: mashine mbovu, kidole changu, fyuzi, kwa nini Sadiyo alijilaza pale. Wiper zilikuwa zinafanya kazi na hakuna mvua, hakuziona.

"Mimi ndiye nimesambaza hiyo hadithi," akasema. "Soko yote. Na wewe ulikuwa unaniangalia nikiiga."

"Ndiyo."

"Ulicheka."

"Nilicheka, Paashe."

Akaondoa gari, tukaenda Kajiado.

Dirie alitukaribisha nyuma ya duka, kati ya magunia ya mchele. Ni mtu mwembamba, ndevu zimetiwa hina. Salamu zake zilikuwa kamili, hakupunguza hata moja. Chai ya maziwa ililetwa. Nikasema yote, kichwa chini, na mwisho nikamwomba msamaha mimi mwenyewe, kwa kumkosea yeye na nyumba yake. Saruni naye akaomba wa kwake, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Dirie alikunywa chai yake hadi ikaisha.

"Haya maneno umeandika wapi?" aliniuliza.

"Bado, mzee. Nilitaka kwanza kuja kwako."

"Kwa nini kwanza kwangu? Mimi sina ofisi ya ndege. Mimi nauza mchele."

"Kwa heshima."

"Hapana. Umekuja mimi nikusamehe, halafu ukienda ofisi uende ukiwa msafi. Na kama ningekusamehe leo, ungeenda ofisi kweli?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ukweli ni kwamba tangu asubuhi sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inatumaini hapa patatosha: wazee wameelewana, msichana ataambiwa na baba yake, mambo yataisha chini kwa chini bila Akoth kujua. Niliinamia kikombe changu, na Dirie akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu.

"Wamemuuliza mtoto wangu kama saumu ilimharibu akili," alisema. "Funga ya Mungu. Hiyo nayo ulisema wewe?"

"Niliulizwa kama amefunga, nikasema ndio."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Sadiyo aliingia wakati huo kutoka dukani, daftari la mauzo mkononi. Sikuwa nimemwona tangu mwezi wa tatu. Nilisimama. Nikaanza, "Sadiyo, nimekuja..."

"Nimesikia, Captain. Ukuta ni wa mabati." Hakuwa hata na hasira, na ningependa angekuwa nayo. "Ofisi iko Isinya. Hapa ni dukani kwa baba. Kamati inakaa tarehe kumi na mbili."

Akachukua kikokotoo juu ya gunia, akarudi kwa wateja. Dirie alituagiza tuchukue sukari yetu.

5 Mei

Nimeandika. Kurasa nne, kwa mkono, mbele ya Akoth. Tarehe kumi na moja, tarehe kumi na nane, nilivyoiwasha tena, kitufe ambacho sikukibonyeza, fyuzi, dakika hamsini. Mwisho nikaandika kuhusu mawingu. Sehemu hiyo ilinichukua muda kuliko nyingine zote, na ni mistari mitatu.

Akoth alisoma mara mbili.

"Na funga?"

"Funga haikuhusika. Alikuwa na akili kuliko mimi niliyekula."

"Bedan, hii yote ungeimaliza mwezi wa tatu na mstari mmoja." Alinyoosha mkono. "Leseni yako."

Nikampa. Nilidhani nitajisikia mwepesi, watu husema hivyo. Nilisikia njaa tu.

6 Mei

Nimemweleza Makena. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza, "Hata dawa ya tumbo?" Nikasema hata dawa. Akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

11 Mei

Nilisimama kanisani nikasema. Nilijiandaa kwa kimya, kwa minong'ono, hata kwa mtu kutoka nje. Nilipomaliza, walipiga makofi. Mhubiri alinikumbatia, akasema ni wangapi hapa wana ujasiri kama huu. Amina zikajaa. Nikapewa maikrofoni tena niseme lolote zaidi.

Nikasema, "Anaitwa Sadiyo. Tafadhali msimpigie makofi mtu mwingine." Nikakaa. Baada ya ibada mama mmoja alinishika mkono akanionea huruma. Hakuna aliyeniuliza Sadiyo ni nani. Nimetambua kwamba naweza kukiri hadi kufa na bado nikajikuta nimekalia kile kiti chenye kitambaa.

12 Mei

Kamati imemsafisha. Anarudi kazini wiki ijayo. Nimeambiwa kwa simu na Akoth, si na Sadiyo mwenyewe.

20 Mei

Mimi: leseni imezuiliwa mwaka mmoja, kisha mtihani upya, mawingu na yote. Kwa sasa wamenipa kazi ya chini. Napokea abiria, napima mizigo, nafunga lango mbuzi wasiingie uwanjani. Vijana wa mizigo hawajui waniite nani, kwa hiyo hawaniiti.

30 Mei

Wazee wa Kajiado wamesafiri tena, safari hii Marsabit. Walijaa kwenye kibanda cha abiria, shuka na viatu vina matope, na mimi nikiwa mlangoni na orodha yangu. Saruni alinisalimu, "Paashe," nami nikamjibu vivyo hivyo. Nilikuwa nimemwambia zamani amchukue ndama. Aliniuliza kama sikusikia alichosema siku ile kuhusu kurudisha.

Kisha akawageukia wenzake, akaanza hadithi ya ile ndege. Ilikuwa kwa Kimaasai lakini nilimfuata bila shida, kwa kuwa aliiigiza yote. Safari hii msichana alikuwa mtulivu. Alifungua mkanda, akanyoosha mkono, akavuta kitu kidogo kati ya vidole viwili. Wazee wakaguna kwa heshima. Kisha Saruni akaigiza kapteni. Alikenua meno, akatoa macho, akavuta usukani wa hewa kama mtu anayevuta fahali mkia, huku kidole chake kimoja kikijinyoosha kwa siri kuwasha mashine tena. Kibanda kilipasuka kwa kicheko. Mzee mmoja alilazimika kushika ukuta.

Saruni hakucheka. Alinigeukia mbele yao wote.

"Paashe, si ndivyo ilivyokuwa?"

Uso uliwaka hadi masikioni. Niliona ningeweza kupunguza kidogo, kusema wingu lilikuwa zito, usukani ulikuwa mzito, na yote hayo ni kweli.

"Ndivyo," nikasema. "Umesahau kwamba nilitua mimi, ili mnione."

Walicheka tena. Nilipogeuka, Sadiyo alikuwa mlangoni, sare imepigwa pasi, logi kwapani. Sijui alisikia kuanzia wapi. Hakucheka, wala hakuniangalia kwa wema wala kwa ubaya.

"Abiria wangapi?" aliniuliza.

"Kumi na mmoja."

Akaandika. Kisha akanipita, akaingia ndani, akawahesabu mwenyewe.